Neno Nililoliruka

Katika daftari langu la mwaka wa tatu kuna jedwali lenye safu tatu. Juu ya safu ya kwanza nimeandika "Garaji", ya pili "Kifaransa", ya tatu "Kiswahili sanifu". Lilikuwa zoezi la somo la msamiati: kila mwanafunzi achague kazi moja ya mikono hapa Goma, akusanye maneno yake, kisha aweke kando ya kila neno lile linalokubalika katika kamusi. Wenzangu walikwenda kwa washonaji, kwa wauza sambaza, kwa vijana wanaochonga chukudu. Mimi sikwenda mbali. Mwaka ule wa 2023 baba yangu alikuwa anafufua kamio.

Nasema "anafufua" kwa sababu ndivyo tulivyosema nyumbani. Kamio yenyewe ilikuwa kichwa tu cha semi, DAF 95, aina iliyoanza kutengenezwa Eindhoven, Uholanzi, mwaka wa 1987. Remoroki yake iko chini ya lava huko Buhene. Kichwa kilikuwa kimekaa miaka miwili kwenye kona ya garaji moja ya Katoyi, kimeinuliwa juu ya mawe meusi ya volkano badala ya magurudumu, na kuku wa jirani walikuwa wanatagia chini ya kiti cha shofere. Tajiri mwenye kamio alikuwa amempa baba mabaki hayo mahali pa mshahara wa miezi minane ambao hakumlipa. Pamoja na mabaki alimpa maneno: "Ni weye uliiua. Ubakie na maiti yako."

Maneno hayo yalihamia nyumbani kwetu Ndosho yakakaa kama mgeni asiyeaga. Baba hakuyajibu mbele ya tajiri, hakuyajibu mbele ya mama, wala mbele yangu.

Nieleze usiku wenyewe kama nilivyoujua wakati ule. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu upande wa Nyiragongo iligeuka nyekundu. Watu waliokumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, hawakungoja kuambiwa. Mama alifunga nguo kwenye kitenge, akambeba mdogo wangu mgongoni, tukaifuata barabara ya Sake kwa miguu pamoja na umati ambao sikuona mwanzo wake wala mwisho wake. Baba alikuwa Buhene, kaskazini, kwenye kamio. Simu yake haikupatikana usiku kucha. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikasimama hapo Buhene, karibu kabisa na mji. Kesho yake mchana baba alitukuta tumekaa kando ya njia, akanuka moshi, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Motere imekufa."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilielewa hivi: sisi tulipokuwa tunatembea gizani na mtoto mgongoni, yeye alikuwa anaokoa kamio ya tajiri, na hata hiyo hakuiokoa. Sikumuuliza, naye hakueleza. Alipoteza kazi, mimi nikapoteza mwaka mmoja wa masomo kwa kukosa karo. Tangu hapo tulizungumza juu ya chumvi, maji na kufunga mlango.

Mama ndiye aliyetutia garaji sisi wawili. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alichukua pesa zote, pesa za sambaza, akampa baba anunue vipuri. Alitoa sharti moja: mimi niende naye kila siku ya mapumziko nikaandike kila dola inayotoka. "Weye unasomaka luga," akaniambia. "Utaandika."

Ndiyo maana daftari la hesabu na daftari la zoezi likawa moja.

Siku tulipofungua motere, mzee wa garaji alikuwa na wanagenzi wawili, naye hakugusa kitu. Aliketi juu ya tairi akawa anaelekeza kwa kidevu. Walitoa kwanza kulasi, kile kifuniko kizito kinachoziba silinda kwa juu. Mzee akaweka rula ya chuma juu yake, akachomeka kibati chembamba chini ya rula. Kikapita. Kulasi ilikuwa imepinda kwa joto. Karatasi ya chuma inayokaa kati ya kulasi na mwili wa motere, ambayo wao huiita juwe, ilikuwa imeungua kati ya silinda ya tano na ya sita. Shemizi za silinda hizo mbili zilikuwa na mikwaruzo mirefu. Niliandika "shemizi", na kando yake "chemise", nikacheka peke yangu kwamba motere nayo huvaa shati.

Kisha wakatoa biyeli, mikono inayounganisha pistoni na chuma kikuu kinachozunguka chini. Hapo mzee akainuka. Aliipitisha biyeli ya sita kidoleni, akaielekeza kwenye mwanga, akapapasa kile chuma kikuu pande zote. Akamtazama baba, lakini akasema na mimi.

"Andika hii, mwalimu." Aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza, kwa kunitania. "Hii motere ilitembea bila maji. Lakini mwenye kuiendesha alikuwa anaisikia. Aliizima mbele ya kuvunja biyeli. Akangoja. Akawasha tena. Akazima. Mujinga hafanyake vile. Mujinga anakanyaga mpaka biyeli inatoka inje."

Baba alikuwa anasugua bulo na kitambaa. Hakuinua kichwa. Niliandika "biyeli", nikaandika "bielle", nikaacha safu ya tatu wazi. Sikuuliza.

Kazi ilichukua miezi mitano, kwa sababu pesa zilikuwa zinakwisha na vipuri vilikuwa vinachelewa. Tangu mwisho wa mwaka wa 2022 vita vilikuwa vimefunga barabara ya Rutshuru kwa kamio nyingi, na bei ya kila kitu sokoni ilikuwa inapanda bila kuaga. Pistoni mbili na shemizi mbili zilitoka Kampala. Kulasi ilipelekwa kunyoshwa kwenye mashine. Radiateri tuliipata Birere, imeshatumika.

Katika muda huo safu ya kwanza ya jedwali ilijaa: pompi, enjekteri, supapi, segmenti, demareri, kile ya 24. Safu ya tatu ilikuwa inanitesa. Nilikuwa ninarudi kitivoni na kamusi, ninapata "vali" kwa supapi, "parafujo" kwa bulo, na kwa mengine ninapata maelezo marefu kama methali. Tunafundishwa, na ni kweli, kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, na kwamba msingi wa kile sanifu ulichaguliwa Mombasa mwaka wa 1928, kutoka Kiunguja. Mimi nilikuwa nimelichukua somo hilo vibaya. Nilidhani kila kisicho cha Unguja ni kosa linalongoja kusahihishwa. Juu ya safu ya kwanza, chini ya "Garaji", niliongeza kwa penseli: "makosa".

Neno moja tu lilinifanya nisite. Majirani zetu wa mashariki wanaposema "dizeli" wanamtaja, bila kumjua, Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye motere yake ilifanya kazi vizuri Augsburg mwaka wa 1897. Sisi tunasema "mazuti". Ni neno la Kirusi lililopita kwenye Kifaransa, na Wabelgiji mpaka leo ndilo wanaloliita mafuta hayo. Neno limetoka mbali kuliko kamio yenyewe, na hakuna mtoto wa Goma asiyelielewa. Je, hilo nalo ni kosa? Niliacha alama ya kuuliza.

Mzee alikuwa na kitabu cha DAF cha Kiingereza, nakala ya nakala, kurasa nyingine zimefutika kwa mafuta. Hakukisoma, alikipenda kwa picha. Nilipofika, kazi yangu ya pili ikawa kukisoma kwa sauti. Mara ya kwanza niliwatafsiria hivi: "Kazeni parafujo za kifuniko cha silinda kwa hatua, mkianzia zile za katikati mkielekea pembezoni." Wanagenzi walinitazama kama padri anayesoma Kilatini. Mdogo wao akawageukia wenzake: "Anasema tukaze bulo za kulasi pole pole, tuanze katikati." Mzee akaongeza kwamba hata bila kitabu njo vile inafanywaka, ukianza pembeni kulasi inapinda tena. Niliona aibu, na mtu mwenye aibu huanza kuruka maneno.

Mwezi wa Novemba mzee aliitwa msibani Minova. Ilibaki kufunga pompi ya mazuti, na baba hakutaka kungoja. Hapa lazima nieleze kidogo. Motere ya mazuti haina buji, haina cheche. Pistoni inapanda na kubana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na sita ya ilivyokuwa, na hewa hiyo inapata joto la kupita digrii 500. Wakati huohuo pompi inarusha mazuti kidogo kama tone, nayo inawaka yenyewe. Yote yamo katika neno "wakati". Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja ikibana hewa, mara nyingine ikifukuza moshi. Ukiitazama kwa nje, mara zote mbili alama ya gurudumu inasimama mahali palepale. Pompi ikifungwa kwa kufuata mara ile ya moshi, mazuti yanatupwa bure.

Kitabu kiliandika wazi: silinda ya kwanza iwe juu, mwisho wa kubana hewa, supapi zake zote mbili zimefungwa. Nilifika kwenye neno la kubana. Kichwani nilikuwa na "mgandamizo", neno nililolitoa kwenye kamusi juma lile. Niliwaona wanagenzi wakinisubiri, nikakumbuka parafujo, nikasema tu: "Silinda ya kwanza iwe juu." Nikafungua ukurasa unaofuata. Baba alizungusha motere mpaka alama ikasimama, akafunga pompi.

Jumamosi ya kuwasha, mzee alikuwa bado Minova. Watoto wa mtaa walipanda juu ya ukuta wa mawe. Mama alikuja na beseni lake la sambaza kichwani, akalitua mlangoni. Baba alipiga pompi ndogo ya mkono mpaka mazuti yakatoka bila mapovu, maana hewa ikibaki ndani ya mirija motere haiwaki. Alizungusha demareri huku amefunga mazuti, mpaka sindano ya mafuta ya kulainisha ikapanda. Mwanagenzi mmoja alisimama na ubao kwenye mdomo wa hewa, ili motere ikishika mbio isiyozuilika aizibe pumzi. Kisha baba akafungulia mazuti.

Ilizunguka, ikazunguka. Moshi mweupe ukajaa garaji, macho yakawasha. Motere ilikohoa mara mbili, haikushika. Walijaribu mpaka bateri mbili zikalegea na demareri ikawa inanguruma kama mtu anayeota. Watoto wakashuka ukutani mmoja mmoja. Mama alijitwika beseni bila kusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno. Kwenye ukurasa wa hesabu jumla ilikuwa dola 1,450.

Mzee alirudi Jumanne. Hakufungua kitabu. Aliagiza kifuniko cha juu kitolewe ili supapi zionekane, akazungusha motere kwa mkono mpaka alama ya pompi, akainama. Katika motere ya silinda sita kwa mstari, ya kwanza na ya sita hupanda pamoja: moja ikibana hewa, supapi za nyingine zinapokezana, moja inafunga nyingine inafungua.

"Supapi za kwanza njo zinacheza," akasema. "Ilipashwa kuwa za sita. Nani alisema ni hapa?"

Baba alisema, "Ni miye."

Ningeweza kunyamaza. Kila mtu pale angeamini, kwani si yeye aliyeua motere mara ya kwanza? Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba si yeye, ni mimi, kitabu kilisema silinda iwe kwenye... na hata hapo neno halikuja.

"Kompresioni," mwanagenzi mdogo akanisaidia.

"Kompresioni," nikasema. "Niliona lile neno. Nililiruka."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sasa utaliandika vizuri." Kazi ya kurekebisha ilikuwa ndogo: kufungua kiungo cha pompi, kuzungusha motere mzunguko mmoja kamili, kufunga tena. Lakini giza lilikuwa linaingia, na akasema kesho.

Tulirudi Ndosho kwa miguu, baba na mimi. Tulipopita Katoyi, akaanza kusema, akitazama mbele, kama mtu anayehesabu mizigo.

"Siku ile radiateri haikukuwako. Niliitoa asubui, ilikuwa kwa fundi wa kuunga. Niliona moto unashuka. Nilisema niache kamio, nikuje kwenu. Nikaona kwenye parseli ya pembeni batoto, wengi, na bamama babili tu. Ninyi mulikuwa Ndosho, mbali na moto. Bale balikuwa karibu."

Alikuwa amefungua remoroki gizani, akawapandisha watoto nyuma ya kabini, pale inapokaa remoroki, mama mmoja akiwa amewashika kwa kamba. Barabara ilikuwa imejaa watu, kamio ikawa inakwenda hatua kwa hatua. Aliisikia motere inabadilika sauti. Akazima. Akangoja, watoto wanalia, mbingu nyekundu nyuma yao. Akawasha. Mara tatu. Ya nne haikuwaka, lakini walikuwa wameshafika Rond-point Signers, na kutoka hapo mtoto anaweza kutembea.

"Mbona hukusema, papa?"

"Ningemwambia nani? Kwa tajiri kamio ni kamio. Na kwenu..." Alifikiri hatua kadhaa. "Kwenu sikukuja. Ile pia ni kweli."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba ile ya Novemba pia ni kweli, mimi ndiye. Akasema, "Tumelipana." Baada ya hapo tukazungumza juu ya bateri, nani angetukopesha nyingine kwa siku moja. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili na nusu kuzungumza naye njia nzima.

Kesho yake hapakuwa na watoto ukutani. Ilizunguka mara chache tu. Ikapiga kishindo kimoja, kishindo cha pili, kisha silinda zote zikaingia moja baada ya nyingine kwa mpangilio wao, 1-5-3-6-2-4, na ardhi ya mawe ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Moshi ulitoka mweupe, ukawa wa kijivu, ukaisha. Mwanagenzi aliweka ubao chini. Mzee alisogeza sikio, akafumba macho. Baba hakushangilia. Alishuka kabini, akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya radiateri, akakiacha pale mpaka alipohisi maji yanaanza kupata joto.

Safari yake ya kwanza haikuwa ya Rutshuru; barabara ile ilikuwa haijafunguka. Alikodi remoroki ya mtu akapeleka saruji Sake, kilomita kama 25, akarudi jioni. Mama alidai deni lake la likelemba palepale, mbele ya wageni, na tulicheka.

Zoezi nililikabidhi nikiwa nimefuta ile penseli ya "makosa". Safu ya tatu niliijaza kadiri nilivyoweza, kwa sababu maneno hayo nayo yana kazi yake: bila hayo mtu wa Mtwara hatanielewa, na ninataka anielewe. Lakini chini ya jedwali niliongeza maelezo mafupi juu ya pompi iliyofungwa vibaya, nikieleza kwamba mfasiri anayeruka neno kwa kuogopa kuchekwa anaweza kuzima motere ya watu wengine. Mwalimu aliandika pembeni: "Hili ndilo somo." Alama alinipa za wastani. Nilikuwa nimechelewesha majuma matatu.

Baba naye alinipa kazi ya kuandika. Alileta kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, akanionyesha mahali pakavu kwenye mwili wa motere, juu kidogo ya pompi, ili fundi yeyote atakayeifungua siku nyingine asipotee. Akaniuliza niandike kwa lugha gani. Nikamwambia kwa ile watakayoisoma. Niliandika kwa herufi kubwa, pole pole, bila kuruka: SILINDA YA 1, KOMPRESIONI, SUPAPI ZOTE ZIMEFUNGWA.